Ndama wa Julai Ni Dhambi ya Nani?

Julai hapa Rugaaga ni mwezi wa vumbi. Barabara ya kwenda Nakivale huwa nyeupe, migomba hukunja majani yake, na ng'ombe hushuka kunywa maji kwa mstari mrefu. Ilikuwa katika mwezi huo nilipoitwa na jirani yetu, mchunga ng'ombe aliyetoka Masisi, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akichunga kundi la mtu mwingine. Alitaka nimsaidie kumshika ndama asimame anyonye. Ndama alikuwa na siku tatu. Miguu ilikuwa ikimtetemeka, na kiwele cha mama yake kilikuwa kimelegea kama mfuko mtupu.

Mwenye ng'ombe anaishi Mbarara mjini. Ujira wa mchungaji, mbali na fedha kidogo za mwisho wa mwezi, ni maziwa ya jioni, ambayo watoto wake wanne hunywa pamoja na uji. Maziwa ya asubuhi hupakiwa kwenye pikipiki na kupelekwa kuuzwa. Kinachobaki kati ya asubuhi na jioni ndicho cha ndama.

Ndama yule alikufa kabla ya mvua za Septemba. Siku tulipomtoa zizini mchungaji aliniuliza: "Weye uko unasoma kule Mbarara. Sasa niambie, huyu ndama nani amemuua?" Nilijibu haraka kwamba ni kiangazi. Akatikisa kichwa. "Kiangazi kinakuja kila mwaka," alisema. "Anayekuja kila mwaka, mwezi ule ule, si mgeni. Kama ulijua anakuja na hukupika, usiseme ni yeye alileta njaa."

Insha hii ni jaribio la kumjibu. Swali lake lina sura mbili. La kwanza: je, mtu anayeamua, au anayeacha kuamua, ni lini ng'ombe wake apandwe, anawajibika kimaadili kwa yatakayompata ndama miezi tisa baadaye? La pili ni gumu zaidi: ikiwa hakuna tarehe isiyo na maumivu, ni nani anayestahili kuyabeba?

Tuanze na hesabu, kwa sababu maadili yasiyojua hesabu ya zizi hayatamsaidia mfugaji. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku zipatazo 283, yaani miezi tisa na siku chache. Asiposhika mimba, huingia kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi, na joto lenyewe halidumu hata siku nzima. Ndiyo maana mtaalamu wa uhimilishaji hutuambia kwamba ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi apandishwe jioni, na aliyeonekana jioni apandishwe asubuhi ya pili. Huku kwetu mvua huja mara mbili: kuanzia Machi hadi Mei, na kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba. Katikati kuna viangazi viwili, kikubwa cha Juni hadi Agosti, na kidogo cha Desemba hadi Februari.

Sasa tazama kinachotokea fahali akiachwa na majike mwaka mzima. Ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi mara nyingi haingii kwenye joto. Mwili wake unakataa. Mvua zikinyesha, majani yakaota, naye akapata nyama mgongoni, joto linarudi. Basi wengi hupandwa mwezi wa nne au wa tano, au mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Anayepandwa tarehe 20 Aprili atazaa karibu na tarehe 28 Januari. Anayepandwa tarehe 20 Oktoba atazaa karibu na tarehe 30 Julai. Kote kuwili ni kiangazi! Mimba inatungwa wakati wa shibe na uzazi unafika wakati wa njaa. Raha ya Oktoba inaweka ahadi, na Julai ndiyo inayodaiwa.

Mtu anaweza kusema: basi dawa ni rahisi. Mzuie fahali Oktoba, mwachie mwanzoni mwa Desemba, na ndama watazaliwa katikati ya Septemba mvua zikianza. Au mwachie mwanzoni mwa Juni, wazaliwe katikati ya Machi. Hesabu hiyo ni sahihi, nami nitaitetea. Lakini haimalizi tatizo, na hapa ndipo swali la maadili linapoanza kuuma.

Ng'ombe ana nyakati tatu za uhitaji mkubwa. Ya kwanza ni miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ambapo ndama aliye tumboni hukua kwa kasi kuliko miezi yote iliyotangulia. Ya pili ni majuma ya kwanza baada ya kuzaa, ambapo maziwa hupanda hadi kilele chake. Ya tatu ni pale anapotakiwa apate nguvu tena ashike mimba nyingine, ikiwa mwenyewe anataka ndama kila mwaka. Ukizijumlisha utapata nusu mwaka au zaidi. Mvua zetu hazidumu nusu mwaka mfululizo. Hudumu miezi mitatu hivi kisha hukatika. Kwa hiyo, haidhuru uchague tarehe gani, mojawapo ya nyakati hizo itaangukia kwenye ukame. Ndama akizaliwa Septemba, mama yake amemaliza mimba katika vumbi la Julai na Agosti. Akizaliwa Novemba, mama atanyonyesha katika ukame wa Januari. Akizaliwa Juni au Julai, ndama mwenyewe ndiye anayeingia duniani na kukuta chungu kimefunikwa.

Hivyo basi ratiba ya kupandisha ng'ombe haiondoi njaa. Inaigawa. Anayeipanga ni sawa na mtu aliyeshika upawa mbele ya sufuria lisilotosha: hawezi kumshibisha kila mtu, lakini hawezi pia kusema kwamba hakuhusika na aliyekosa.

Hoja ya kwanza ya kupinga haya naisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu wacha Mungu ninaowaheshimu: kuzaa ni kwa Mola, na ng'ombe hupandwa kwa maumbile yake; binadamu asijipe kazi isiyo yake. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ng'ombe wetu wangekuwa nyumbu. Nyumbu wa Serengeti huzaa kwa pamoja, wengi wao ndani ya majuma machache ya Januari hadi Machi, wakiwa kwenye nyanda za kusini zenye majani mafupi mabichi. Hakuna aliyewaandalia kalenda. Lakini nyumbu ana kitu ambacho ng'ombe wa Rugaaga hana: ana njia. Majani yakikauka hapa, anakwenda kule. Wakati wa nyumbu umefungamana na nafasi yake.

Wafugaji wa zamani wa Ankole nao walikuwa na njia. Walihama na kundi kufuata maji na malisho, na mwendo huo ndio uliokuwa ratiba yao. Nafasi hiyo imekwisha. Nakivale ilifunguliwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, ikapokea kwanza wakimbizi wa Rwanda, wengine wakiwa na ng'ombe wao, na leo inabeba watu wa Kongo, Burundi, Somalia, Ethiopia na kwingineko. Mbuga ya Taifa ya Ziwa Mburo ilitangazwa mwaka 1983, na malisho mengi yakawa ya wanyamapori. Mashamba ya migomba ya Isingiro nayo yamepanda vilima. Sisemi kwamba jambo lolote kati ya haya lilikuwa kosa. Mkimbizi naye lazima apate pa kulaza kichwa, na swala naye ni kiumbe. Nasema tu kwamba tulipomwekea ng'ombe uzio tulimnyang'anya miguu, na aliyemnyang'anya mwenzake miguu hawezi kumwambia atafute njia mwenyewe. Aliyemnyima kiumbe nafasi anadaiwa kumtunzia wakati.

Wala kupanga uzazi wa mifugo si jambo la kigeni lililoletwa na vitabu vya chuo. Wamasai tangu zamani humfunga kondoo dume au beberu kipande cha ngozi chini ya tumbo ili asipande nje ya msimu. Yule mzee aliyekata ngozi ile hakuwa na shahada. Alikuwa amemzika mwana-kondoo wa kiangazi, akakataa kuzika wa pili.

Hoja ya pili ni ya kisheria zaidi: kuacha si kutenda. Mwenye ng'ombe hakumpiga ndama, hakumnyima maji kwa mkono wake. Alimwacha tu fahali pamoja na majike kama alivyoachwa siku zote. Je, mtu ahukumiwe kwa jambo ambalo hakulifanya? Nadhani jibu linategemea nani ameshika mlango. Mtu apitaye njiani akaona fahali wa jirani akipanda Oktoba hana lawama. Lakini aliye na ufunguo wa zizi, kila siku anapouacha wazi, ameamua. Tunaliona hili bila shida katika mambo ya watu. Mzazi asiyempeleka mtoto chanjo hawezi kusema kwamba hakufanya chochote. Kutofanya kwake ndiko alikofanya.

Bado anaweza kujitetea kwa kutojua. Aristotle, katika maandiko yake ya maadili, alitofautisha kutojua kunakosamehewa na kutojua ambako mtu amekutafuta mwenyewe, kama mlevi ambaye hakujua alilolitenda lakini alijua alipoinua kikombe. Mfugaji mgeni, aliyepewa ng'ombe jana, anasamehewa. Lakini mwenye ng'ombe ninayemzungumzia anajua miezi vizuri sana. Anajua kwa sababu anajua bei. Kila muuza maziwa wa Mbarara anafahamu kwamba mvua zikijaa, maziwa hujaa, na bei huanguka. Kiangazi kikifika, maziwa huadimika, na bei hupanda. Ng'ombe anayezaa Julai ni hasara kwa ndama, lakini kwa mwenyewe ni mtungi wa maziwa wakati majirani wana mitungi mitupu. Basi fahali aliyeachwa Oktoba hakuachwa kwa usahaulifu. Kalenda ilikuwepo, ila ilisomwa kutoka upande wa soko.

Hapo tunafika kwenye hoja ya tatu, ambayo wenzangu darasani waliitoa bila aibu: ng'ombe ni mali. Mwenye mali huitumia apate faida, na ndama akifa hasara ni yake, kwa hiyo adhabu ameshailipa. Kuna wanafalsafa wa pande zote mbili hapa. Kant aliona kwamba hatuna wajibu wa moja kwa moja kwa mnyama, lakini anayezoea kumtendea mnyama ukatili anaufanya moyo wake mwenyewe kuwa mgumu kwa watu. Bentham, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alishika njia nyingine: cha kuulizwa si kama mnyama anafikiri au anasema, bali kama anaumia. Mimi sihitaji kuamua kati yao, kwa sababu ndama wa Julai anawaridhisha wote wawili. Anaumia, hilo aliyemshika mgongoni na kuhesabu mbavu analijua. Na kuumia kwake hakukuishia kwake. Kulifika kwenye sufuria la uji la watoto wanne.

Katika Kiswahili tuna neno utu. Utu si mali ya ng'ombe, ni wetu. Lakini hauonekani tukiwa peke yetu, kama vile ukarimu hauonekani bila mgeni. Mahali pake pa kuonekana ni pale ambapo aliye mbele yetu hawezi kutudai: mtoto, mgonjwa, mkimbizi, mnyama aliyefungiwa. Anayesema ndama ni mali tu anajieleza yeye mwenyewe kuliko anavyomweleza ndama.

Sasa turudi kwenye swali la pili. Kama njaa lazima igawanywe, igawanywe vipi? Napendekeza kanuni moja: mzigo upelekwe kwanza kwa yule mwenye akiba ya kuubeba na aliyekuwa na nafasi ya kuchagua. Tuitumie. Ndama mchanga hana akiba. Siku zake za kwanza anaishi kwa dang'a na maziwa, na hakuchagua kuzaliwa. Kwa hiyo awe wa mwisho kubebeshwa. Mama yake ana akiba ya mwili, ikiwa aliingia kiangazi akiwa amenona. Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye, na ni kweli kwamba mama atajitoa nyama ya mgongo ampe mwana. Lakini methali ile isigeuzwe ruhusa ya kumkamua hadi mfupa. Nundu ikishalala upande, ng'ombe ameelemewa, tena bila kusema. Mwenye ng'ombe ana akiba ya namna nyingine: ana fedha, ana simu, ana muda wa kupanga. Naye ndiye pekee kati yao aliyechagua.

Kutokana na kanuni hiyo yanafuata mambo manne. Kwanza, kupandisha kulengwe ili uzazi ukutane na mwanzo wa mvua, hata kama bei ya maziwa wakati huo ni ya chini. Tofauti ya bei ndiyo sehemu ya njaa anayopaswa kuibeba mwenye mali. Pili, kwa kuwa mama atamalizia mimba kiangazi, asaidiwe: majani yakatwe na kukaushwa mvua zikiwepo, na migomba iliyokwisha kuvunwa, ambayo Isingiro haikosi, ikatwe apewe, maana shina lake limejaa maji. Tatu, ng'ombe aliyekonda asipandishwe msimu huo hata kama zamu yake imefika, apumzishwe. Nne, ndama aliyezaliwa kinyume cha mpango asilipishwe kosa la mpango. Chuchu moja iachwe kwa ajili yake, kabla ya pikipiki kufika.

Hata hivyo ratiba nayo ina dhambi zake, na sitaki kuisifu kupita kiasi. New Zealand ni nchi ambayo kalenda ya uzazi imekamilika pengine kuliko kote. Huko ng'ombe wa maziwa wengi huzaa pamoja mwishoni mwa majira ya baridi, kuanzia Julai, ili maziwa yafikie kilele majani ya masika yakiota. Ni hesabu ileile yetu, imepigwa kwa usahihi mkubwa. Lakini kundi zima likizaa kwa pamoja, ndama madume huwa wengi kuliko haja, na wengi wao huchinjwa wakiwa na siku chache tu. Na kwa miaka mingi ng'ombe aliyechelewa kushika mimba aliweza kudungwa sindano azae kabla ya siku zake, ili asiachwe nyuma na kundi, ingawa ndama wake mara nyingi hakuishi. Mwaka 2015 desturi hiyo ilipigwa marufuku huko. Hapo ratiba ilikuwa imeacha kumtumikia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa akiitumikia ratiba. Mpaka wenyewe nauona hivi: ni halali kumzuia fahali ili ndama asizaliwe katika njaa, si halali kumtoa ndama tumboni ili daftari lipendeze. Mpango wa kwanza unauliza ndama atakuta nini. Wa pili hauulizi habari zake kabisa.

Kuna pingamizi la mwisho, nalo ndilo lililoninyima usingizi. Kanuni yangu inamfaa tajiri. Je, mkimbizi mwenye ng'ombe mmoja, aliyemnunua kwa akiba ya miaka, naye apumzishe? Akiruka msimu mmoja, nyumba yake inakaa karibu mwaka mzima bila maziwa. Tangu mwaka 2023, msaada wa chakula ulipoanza kugawanywa kwa viwango vya uhitaji na familia nyingi kupunguziwa, ng'ombe mmoja si biashara. Ni mpaka kati ya kula na kutokula. Kumwambia mtu huyo kwamba ana hatia kwa kupandisha mwezi mbaya ni kumhukumu kwa sheria iliyotungwa na walioshiba. Jibu langu ni kwamba kanuni yenyewe inamwondolea mzigo. Wajibu unakwenda kwa mwenye akiba na nafasi ya kuchagua. Asiye na vyote viwili hadaiwi kama mwenye navyo. Mwenye ng'ombe mmoja akimpandisha joto lilipotokea amefanya alichoweza. Mwenye ng'ombe sitini akifanya vilevile amefanya alichotaka.

Na bahati je? Bernard Williams na Thomas Nagel walilijadili jambo hili mwaka 1976 na kuliita bahati ya kimaadili: watu wawili hufanya tendo moja, mmoja matokeo yakamwendea vizuri, mwingine vibaya, nasi tunawahukumu tofauti. Wafugaji wa Isingiro wanaijua bahati hiyo bila kuisoma. Mtu anaweza kupanga vizuri, akakusudia kuuza madume mawili Juni anunue chakula cha ng'ombe waliobaki, kisha ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia, karantini ikawekwa, minada ikafungwa, na mpango wake wote ukabaki zizini ukila majani yasiyokuwepo. Ndama wake akifa, hatuwezi kumweka kundi moja na yule wa mtungi wa Julai, hata kama mizoga inafanana. Tumhukumu mtu kwa mlango aliokuwa ameshika, na kwa alichokiona alipokuwa ameushika.

Nilipofika hapa katika kufikiri nilidhani nimepata jibu, nikarudi kwa jirani yangu. Nilimwambia: mwenye ng'ombe ndiye mwenye hatia, maana alijua, alikuwa na uwezo, na alichagua bei. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Miye nilikuwa nakamua ya jioni."

Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa ameniuliza kuhusu mwenye ng'ombe. Alikuwa ameniuliza kuhusu yeye mwenyewe. Kila jioni ya Julai alikaa chini ya ng'ombe yule, ndama akiwa amefungwa hatua mbili, na akachagua kati ya ndama na watoto wake. Alichagua watoto, na kila jioni alijua anachochukua.

Sikuwa na jibu la kitabuni. Nilimwambia ninaloamini bado: kwamba aliyewekwa mahali ambapo midomo miwili isiyo na kosa inagombea chuchu moja hana hatia kwa kumchagua mwanawe, na kwamba hatia ni ya aliyemweka hapo, miezi tisa kabla, bila kufika. Lakini sikumwambia asihuzunike. Huzuni yake ilikuwa ya kweli, na mtu anaweza kuwa hana hatia na bado akawa na deni. Anayekamua ya jioni anamdai mwenye zizi mpango bora. Na ndama aliyekufa anatudai sote, hata mimi niliyekuwa nikinywa chai ya maziwa mjini mwezi huo bila kuuliza imetoka wapi.

Msimu huu fahali amehamishiwa zizi la pili. Mchungaji anahesabu siku kwa kuchora mistari ya mkaa kwenye nguzo, na Desemba ikianza atamfungulia. Mwenye ng'ombe mwenyewe ndiye aliyetoa amri kwa simu. Hakuitoa kwa kumhurumia ndama. Aliitoa kwa sababu aliyekufa alikuwa jike, na mtamba mzuri ni fedha nyingi. Kant angesema tendo hilo halina thamani ya kimaadili, kwa kuwa limetoka kwenye faida. Huenda ni kweli. Lakini ndama wa Septemba hatauliza amri ilitoka kwenye moyo gani. Atakuta majani.